Mkono wa Bi Sifuri

Wanafunzi walimwita Bi Sifuri, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza wanaijua wale waliowahi kurudishiwa karatasi zao za majaribio. Hao hawahitaji maelezo. Ya pili ilitokana na somo la hali za maada, alilokuwa akilifundisha kila mwaka. Siku ya somo hilo aliingia maabara na ndoo ya barafu aliyoomba igandishwe kwenye friji ya kantini. Aliiponda kwa nyundo ndani ya gunia, akaijaza kwenye chombo cha kioo, akachomeka kipimajoto katikati na kuwasha jiko dogo la gesi chini yake. Kisha alimteua mmoja wa kukoroga na mwingine wa kusoma kwa sauti.

“Sifuri,” msomaji alitangaza.

Walisubiri. Barafu ililegea, ikawa kama uji.

“Sifuri.”

“Soma vizuri.”

“Mwalimu, ni sifuri ileile. Hiki kitu kimekufa.”

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka.

“Moto unawaka, hauwaki?”

“Unawaka.”

“Chombo kinapata moto?”

“Kinapata.”

“Basi joto lote hilo linakwenda wapi?”

Hapo ndipo alipopapenda. Mmoja angesema linaishia kwenye kioo, mwingine linapanda darini. Mwaka mmoja kijana wa nyuma alisema limerudi kantini kudai ndoo yake, akatolewa nje, ingawa wenzake waliapa kwamba walimwona mwalimu akiuma midomo. Bi Sifuri hakumsaidia mtu yeyote. Aliwaacha wakodolee macho kile chombo mpaka kipande cha mwisho cha barafu kiishe, na mara tu kilipoisha, kipimajoto kikaanza kupanda: moja, mbili, nne. Ndipo aliposhika chaki. Joto halikupotea, alisema. Muda wote lilikuwa kazini, likizilegeza chembe za barafu zilizokuwa zimeshikana. Kazi hiyo isipokwisha, hakuna joto la ziada la kuyapasha maji. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: JOTO FICHE.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayepiga pasi mpaka leso. Ofisi ya walimu ilikuwa imejaa vijana siku hizo, wenye kuzungumzia mpira, harusi na viatu. Walimheshimu sana. Akiingia waliteremsha sauti, wakampisha kiti cha dirishani, wakamwuliza habari za asubuhi, kisha wakasubiri amalize chai aondoke ili waendelee walipoishia. Yeye alilijua hilo, kwa hiyo alikunywa chai yake haraka, ikiwa bado moto.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba vitatu, na viwili kati ya hivyo havikuwa na kazi. Haikuwa hivyo siku zote. Mdogo wake wa kiume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mkewe alipofariki, mtoto wao wa kike alikuwa bado anatambaa. Baba hawezi kumlea mtoto kwenye kibanda cha lori. Alimleta kwa dada yake pamoja na mkoba wa nguo, chupa ya maziwa na maelezo mafupi: “Dada, nishikie kidogo.” Hicho kidogo kikawa miaka. Mtoto alikuwa na alama nyeusi shavuni, ndogo kama nukta, kwa hiyo shangazi yake alimwita Kidoti. Kidoti alijifunza kutembea kwa kushika miguu ya meza ya jikoni pale. Alimwita shangazi yake mama, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia aseme vingine.

Kisha dereva akachoka barabara. Akapata kazi ya kusimamia ghala katika mji mwingine, akaoa tena mwanamke mpole, akaja kumchukua binti yake. Hakukuwa na ugomvi. Nani angegombana na baba anayetaka kuishi na mwanawe? Bi Sifuri alipanga nguo za mtoto kwenye begi, akawafungia mkate wa njiani, akasimama mlangoni mpaka gari lilipokata kona. Tangu hapo Kidoti alipiga simu siku za sikukuu. Akasema “Shikamoo, shangazi,” na Bi Sifuri akaitika “Marahaba,” kisha wote wawili wakatafuta la kusema.

Mwaka huu ninaousimulia, baada ya somo la barafu lilifuata somo la mvuke. Mwalimu alichemsha maji kwenye chupa ya kioo yenye kizibo, na kutoka kwenye kizibo ukatoka mpira mwembamba ulioupeleka mvuke ndani ya kikombe cha maji baridi. Alitaka waone jinsi mvuke kidogo tu unavyoweza kuyapasha maji mengi. Mstari wa mbele alikaa msichana waliyemwita Kasuku, aliyekuwa haoni kitu bila kukisogelea. Akainuka, akainama juu ya meza, na mkono wa sweta lake ukanasa mpira.

Mpira ulichomoka. Chupa iliyumba, mvuke ukafyatuka kuelekea usoni kwa yule mtoto. Bi Sifuri alimsukuma kwa mkono wa kulia, Kasuku akaanguka juu ya wenzake salama salimini, na mvuke wote ukaishia mkononi kwa mwalimu, kuanzia vidoleni mpaka juu kidogo ya kiwiko.

Hakupiga kelele. Alifunga gesi kwa mkono wa kushoto, akaenda kwenye bomba, akaufungulia mkono wake maji. Nyuma yake Kasuku alikuwa akilia kwa kwikwi.

“Nani ataniambia,” alisema Bi Sifuri bila kugeuka, akiwa amewapa mgongo. “Maji yanayochemka yako digrii mia. Mvuke wake nao uko digrii mia. Kipi kinaunguza zaidi?”

Alisogeza kiwiko chini ya bomba.

“Nimeuliza.”

“Mvuke,” sauti moja ilitoka nyuma, ndogo.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu… ukigusa ngozi unageuka kuwa maji, mwalimu. Na ukigeuka, unaliacha hapohapo lile joto ulilokuwa umelibeba.”

“Vizuri. Andikeni.”

Wakaandika, wengine wakilia juu ya madaftari. Alipohakikisha kwamba kalamu zinatembea, alikaa sakafuni kando ya bomba, na mkuu wa shule akaitwa.

Zahanati ilikuwa jirani. Muuguzi alimsafisha, akampaka dawa, akamfunga bendeji kubwa mpaka mkono ukawa kama rungu.

“Usiulowanishe, usiutumie. Nyumbani kuna mtu wa kukusaidia?”

“Wapo.”

“Nani?”

“Wapo tu.”

Muuguzi alimtazama, akakata plasta ya mwisho na kuibandika.

Jioni hiyo ndipo alipogundua kwamba gauni alilovaa lina vifungo mgongoni. Asubuhi alikuwa amevifunga kwa mikono miwili bila kufikiri. Sasa alijaribu kwa mkono wa kushoto kutokea juu, akajaribu kutokea chini, akajisugua kwenye pembe ya kabati kama ng’ombe mwenye kupe. Kifungo kimoja kilikatika, vingine viligoma. Akalala na gauni.

Kesho yake mambo yaliongezeka. Mkate haukukatika, akaumega kwa meno akiwa amesimama. Kopo la siagi ya karanga alilibana kati ya magoti, likamponyoka na kuviringika chini ya jiko, akaliacha huko. Alifua fulana moja kwa mkono mmoja lakini hakuweza kuikamua, akaitundika inachuruzika mpaka kibaraza chote kikawa dimbwi. Nywele alizifunika kitambaa. Kilichomsumbua zaidi si maumivu. Ni kwamba katika kila jambo alilolishindwa, lilihitajika jambo dogo sana: mtu wa kushika upande wa pili.

Shuleni, mwalimu mmoja wa kike, mdogo, alimfuata kwenye korido.

“Mwalimu, nije jioni nikusaidie hata kupika?”

“Ahsante, mwanangu. Niko sawa kabisa.”

Binti wa watu akamwamini. Kila alipowaambia watu kwamba yuko sawa, walimwamini, maana alikuwa na sura ya kuaminika.

Alimpigia simu mdogo wake, akijiambia kwamba anataka tu kujua kama mvua zimeanza kwao. Aliyepokea ni wifi yake.

“Wifi! Umetukumbuka leo! Mdogo wako yuko kazini. Hujambo?”

“Sijambo. Nilitaka tu kuwasalimu. Mvua…”

Simu ilimteleza ikapiga sakafu. Alipoiokota, wifi bado alikuwa akiita.

“Haloo? Kuna nini huko?”

“Simu imeniponyoka.”

“Imekuponyokaje?”

“Nimeishika kwa mkono wa kushoto.”

“Na wa kulia una nini?”

Bi Sifuri alikaa kimya kidogo zaidi ya inavyotakiwa.

“Wifi,” sauti ya upande wa pili ilibadilika. “Mkono wa kulia una nini?”

Ikabidi aseme. Alisema kwa kifupi, kana kwamba anasimulia habari za mtu mwingine.

“Na unavaaje? Unakulaje? Basi Jumamosi mtoto anakuja.”

“La, asisumbuliwe, ana masomo.”

“Sijakuuliza, wifi. Nakuarifu.”

Na simu ikakatwa.

Jumamosi Kidoti alifika na begi dogo mgongoni. Alikuwa amerefuka mpaka mlango ulionekana mfupi, na ile nukta ya shavuni ilikuwa imebaki ilivyo. Alipiga goti kidogo kusalimia. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, magoti yamebanwa pamoja, mikono juu ya magoti.

“Shangazi, naomba maji ya kunywa.”

Bi Sifuri alitaka kumwambia kwamba anajua kikombe kilipo, kwamba aliwahi kupanda juu ya lile kabati na kuvunja vikombe vinne kwa mpigo. Badala yake aliinuka kumletea. Alipofika jikoni alisimama mbele ya mtungi, mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine umefungwa, hana mkono wa kumiminia.

Kidoti alimkuta hapo. Aliinamisha mtungi, akajaza kikombe, akanywa, kisha akatazama jikoni lote: mkate uliong’atwa, fulana iliyokauka ikiwa imejikunja, kopo la siagi ya karanga lililokuwa bado chini ya jiko.

“Haya,” alisema, akapandisha mikono ya blauzi.

Mpaka mchana alikuwa amefua, amefagia, amepika wali na mboga, na amemvua shangazi yake gauni lenye vifungo mgongoni na kumvalisha lenye vifungo mbele. Alikuwa na mikono myepesi. Kila alichokifanya alikiombea ruhusa. Niweke hapa, shangazi? Nitumie sufuria hii? Kila alipouliza, Bi Sifuri alijibu ndiyo, na kila ndiyo ilimchoma kidogo.

Alasiri Kidoti alitoa daftari la sayansi kwenye begi.

“Shangazi, naweza kukuuliza? Mwalimu wetu alituchorea grafu. Barafu inapashwa moto, halafu mstari unapanda, halafu unalala, halafu unapanda tena. Nikamwuliza kwa nini umelala. Akasema ndivyo ulivyo, kariri.”

“Kariri?”

“Ndivyo alivyosema.”

Bi Sifuri aliinuka kitini kama aliyeitwa jina lake. Barafu ilikuwepo kwenye friji, kipimajoto cha akiba kilikuwa kwenye droo. Wakaiponda barafu ndani ya taulo, Kidoti akigonga kwa mti wa kusukumia chapati na shangazi akishika pembe za taulo kwa mkono wake mzima. Wakaweka sufuria juu ya moto mdogo. Kidoti akakoroga na kusoma, Bi Sifuri akauliza maswali yake yale yale, na mtoto akajibu akikosea, akajisahihisha, akakosea tena, mpaka akapiga kelele: “Aaa! Linatumika kuyeyushia! Ndiyo maana halionekani!” Akachora mstari wake upya mezani, ulimi umetoka nje ya mdomo kama alivyokuwa akifanya alipokuwa anajifunza kuandika. Kwa muda huo wote hakuomba ruhusa ya kitu chochote. Alifungua droo mwenyewe. Alikunywa maji kwenye kikombe cha shangazi yake.

Jumapili asubuhi alimwosha nywele. Bi Sifuri aliinamia beseni uani, mkono wenye bendeji ameuinua pembeni, na Kidoti akammiminia maji ya uvuguvugu kwa kikombe. Pengine mtoto aliweza kusema kwa sababu hawakuwa wakitazamana.

“Shangazi.”

“Naam.”

“Siku ile baba aliponichukua. Ulinipangia nguo.”

“Nilikupangia.”

“Ulizipiga pasi zote. Mpaka soksi. Ukazikunja vizuri, ukaandika jina langu kwenye kola.” Vidole vilisimama kichwani. “Nikasema, kumbe anataka niende. Mtu asiyetaka uende hapigi soksi pasi.”

Maji yalitiririka sikioni kwa Bi Sifuri, hakuyafuta.

“Nilipiga pasi siku mbili,” alisema hatimaye. “Nikimaliza nazilowanisha, naanza tena. Nilifikiri nikiwa na nguo mbichi, baba yako atasubiri zikauke.”

Kidoti alimmiminia kikombe kingine cha maji.

“Na hukulia,” alisema, taratibu, bila kulaumu.

“Ungeniona nalia ungekataa kupanda gari. Na ulikuwa na haki ya kuwa na baba. Nililia mlipokwisha ondoka. Nililia vibaya, mpaka jirani akagonga ukuta.”

“Hukuniambia.”

“Simu zilikuwa fupi.”

Msichana aliendelea kumsugua nywele, polepole zaidi, na alipomaliza alizikausha kwa taulo, akazichana, akazisuka mistari minene isiyo sawasawa. Bi Sifuri alikwenda nayo shuleni wiki nzima vilevile ilivyokuwa, na wale walimu vijana hawakujua watazame wapi.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalirudi kama zamani. Kidoti aliondoka jioni ya Jumapili, maana Jumatatu ni shule. Nyumba ilikuwa safi na kimya. Bendeji ilitolewa, mkono ukabaki na ngozi nyepesi, ya rangi isiyofanana na mwenzake. Kasuku aliacha kukaa mstari wa mbele. Akimwona Bi Sifuri kwenye korido aliinamisha kichwa na kupita upande wa pili. Siku moja mwalimu alimsimamisha.

“Wewe. Unaona vizuri kutoka nyuma?”

“Sioni, mwalimu.”

“Basi rudi mbele. Ila vua sweta.”

Kasuku akarudi mbele, akiwa hana sweta.

Kidoti aliahidi kuja likizo. Lakini wifi alijifungua mtoto wa kiume, msaada ukahitajika nyumbani, na likizo ikaisha hivyo. Alipiga simu kusema samahani, wakaongea mpaka salio likakata, juu ya grafu, juu ya mtoto anayelia kama king’ora, juu ya mwalimu wa kukariri ambaye sasa anamtumia Kidoti kuwaeleza wenzake. Simu ilipokatika Bi Sifuri alibaki ameishika sikioni kwa muda.

Miaka yote hiyo alikuwa amekaa akingoja kuletewa mtoto kama mtu anayengoja mzigo. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba basi linalokuja huku hurudi kule. Jumamosi iliyofuata alinunua tikiti. Mdogo wake alipofungua mlango na kumwona dada yake amesimama na kikapu cha machungwa, aliduwaa.

“Dada! Kuna msiba?”

“Ni lazima kuwe na msiba? Nisogezee kiti.”

Alikaa siku nzima. Ilikuwa nyumba yenye kelele, na haikuwa yake. Hakujua taulo hutundikwa wapi, na alipotaka kuosha vyombo wifi alimnyang’anya sahani: wewe mgeni bwana, pumzika. Alimshika mtoto mchanga, naye mtoto akamkojolea. Kidoti alikuwa kwenye mazoezi ya netiboli mpaka alasiri, na aliporudi alikuwa na marafiki wawili wenye hadithi zao, vicheko vyao, mambo ambayo shangazi hakuyajua mwanzo wala mwisho. Alimkumbatia kwa nguvu, akakaa karibu yake kidogo, akainuka, akaenda, akarudi. Ndivyo walivyo watoto wenye maisha. Bi Sifuri aliyaona yote hayo kwenye kiti chake, akafurahi, na pia akajiona yuko mbali sana, kama mtu anayetazama nyumba iliyowashwa taa akiwa barabarani.

Jua lilipoanza kushuka Kidoti alimsindikiza kituoni, wakiwa wawili tu. Hapo ndipo mdomo ulipofunguka. Alisema anataka kusoma sayansi, ingawa hesabu zinamtoa jasho. Alisema kuna rafiki aliyemnunia na hajui kwa nini. Alisema wakati mwingine anaota yuko kwenye ile meza ya jikoni na akiamka inamchukua muda kujua yuko chumba gani. Akavuta pumzi na kuanza kusema jambo jingine, “Halafu, unajua…”

Watu pale kituoni walikuwa wakilalamika kwamba basi hilo huchelewa kila siku ya Mungu. Siku hiyo liliwahi.